UZI: Umeme wa gari iliyokula chumvi. Pima kwanza, spea baadaye

Relei5Pini

Wakuu, habari za majukumu. Uzi huu ni wa wenye gari za umri: Corolla 100 na 110, Carina, Mark II GX100, Noah za mwanzo, CR-V ya kwanza, Hilux na ndugu zao. Injini bado ina nguvu ila umeme umeanza visa. Mtaani dawa inayotolewa ni kubadilisha. Betri inanunuliwa mpya, tatizo lipo. Inafungwa alteneta ya mtumba, lipo. Mwishowe inaonekana waya wa eathi (unaorudisha umeme kwenye hasi ya betri) umeoza, kazi ya spana namba 10 na kipande cha msasa.

Msimamo wangu ni kwamba gari ikishapita miaka 20, viungo huchoka kabla ya vifaa. Nikisema viungo nina maana ya eathi, terminali, soketi na swichi. Havionekani kwa macho ila mita inavikamata.

Vifaa vya kuanzia: mita ya kawaida (hata zile ndogo DT830 zinatosha), globu ya breki ya wati 21 iliyoungwa waya mbili ndefu, spana 8, 10, 12 na 14, brashi ya waya, msasa na boksi la fyuzi za akiba. Wenye DT830, someni maandishi karibu na tundu la 10A. Zimeandikwa UNFUSED, yaani ukikosea hapo hakuna fyuzi ya kuokoa mita wala vidole.

Betri. Gari ilale usiku kucha, asubuhi pima kabla hujagusa chochote. Ikisoma 12.6 imejaa, 12.4 ni robo tatu, 12.2 nusu, 12.0 robo, chini ya 11.9 imelala. Kisha mtu apige stata huku unatazama mita kwenye nguzo za betri:
- Ikishuka chini ya 9.6 wakati ilikuwa imejaa, betri imechoka ndani au stata inavuta kupita kiasi.
- Ikibaki juu ya 11 na stata inazunguka kivivu au haizunguki kabisa, betri haina kesi. Umeme haufiki kwenye stata. Hapa ndipo watu wengi wananunua betri bure.

Gari ikiwaka, tarajia 13.8 hadi 14.5. Ikipita 15, reguleta (kidhibiti cha chaji ya alteneta) imekufa na betri itachemka.

Kipimo cha upotevu wa volti. Ukisoma uzi huu ukasahau mengine, shika hiki. Chomoa fyuzi ya EFI kwenye boksi la chini ya boneti ili gari isiwake. Mita iweke DC 20V.

1. Upande wa hasi: ncha nyeusi ikae kwenye nguzo ya betri yenyewe, ile risasi ya duara, usiiweke kwenye kibanio. Ncha nyekundu kwenye chuma kitupu cha injini. Piga stata sekunde tatu. Isizidi 0.2.
2. Upande wa chanya: nyekundu kwenye nguzo ya chanya, nyeusi kwenye bolti nene ya stata inayopokea waya wa betri. Piga stata. Isizidi 0.5.

Ukipata mfano 1.4 upande wa hasi, sogeza ncha nyekundu hatua kwa hatua ukirudi kwenye betri: injini, bolti ya eathi, kichwa cha waya, kibanio. Pale namba inapoporomoka ghafla, ugonjwa uko kati ya sehemu hiyo na ile uliyotoka.

Kwa nini usipime omu (ukinzani wa waya) tu? Kwa sababu stata inavuta ampea zaidi ya 100. Chukua ampea 150 zipite kwenye kiungo chenye omu 0.01 tu, hapo volti 1.5 zimeliwa. Mita ya kawaida ukiiweka kwenye omu haiwezi kuona 0.01, itakuambia waya ni mzima, na wewe utaamini.

---

PwaniKavu

Mkuu umefungua vizuri. Niongezee kwa sisi wa Tanga, Mombasa, Dar na visiwani, ambako hewa yenyewe ni chumvi.

Waya wa pwani unaoza kwa ndani. Ganda la nje linang'aa, ukilichana shaba imekuwa nyeusi au kijani, inakatika kama majani makavu. Bonyeza waya karibu na kichwa chake: ukisikia chengachenga ndani, au ganda limevimba, kata. Endelea kukata kurudi nyuma sentimita mbili mbili mpaka ukute shaba inayong'aa. Ukiunga kwenye shaba nyeusi umejidanganya, hata risasi ya kusolda haishiki hapo.

Ule unga mweupe au wa kijani kwenye terminali ni matokeo ya asidi. Chota vijiko viwili vya magadi kwenye kikombe cha maji ya moto, mwagia polepole, acha itoe povu, rudia mpaka povu liishe, suuza kwa maji safi. Hakikisha vizibo vya betri vimekaza, magadi yakiingia ndani yanaua asidi ya betri. Kufungua anza na hasi, kufunga malizia na hasi. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, utaona cheche ambazo hutazisahau.

Eathi za kukagua ni tatu: betri kwenda bodi (mara nyingi kwenye fenda), betri kwenda injini au giaboksi, na utepe wa injini kwenda ukuta wa dashibodi. Huo wa tatu ndio husahaulika baada ya injini kushushwa. Fungua, kwangua rangi na kutu mpaka chuma cheupe, kaza, halafu ndiyo upake grisi juu. Grisi ni ya kuzuia maji, usiiweke katikati ya chuma na chuma kabla ya kukaza ukidhani inasaidia umeme kupita.

Ukitaka kuongeza eathi mpya, nunua mita moja ya kebo ya mashine ya kuchomelea, milimita za mraba 25. Ni laini, ina nyuzi nyingi, haikatiki kwa mtikisiko. Vichwa vyake vibanwe kwa mashine ya kubana, nyundo hapana.

---

mama_Noah

Nashukuru kwa somo. Noah SR40, injini 3S. Ukiwasha inagonga "ka" mara moja, taa za dashi hazifififi. Ukirudia mara nne tano inazunguka safi. Betri asubuhi 12.6. Nimefanya vipimo hivyo viwili, hasi 0.1, chanya 0.2. Fundi anataka stata nzima.

---

Relei5Pini

Dada, vipimo vyako vimeshajibu nusu. Tofautisha milio:

"Ka-ka-ka-ka" haraka na taa zinazimika: betri imeisha au terminali imelegea.

"Ka" moja na taa hazibadiliki: solenoidi (swichi ya sumaku ya stata) imevutika lakini umeme mkubwa haujapita. Kwenye stata za Denso zinazofungwa Toyota nyingi, ndani kuna vipande viwili vya shaba ambavyo kisahani cha plunja (chuma kinachovutwa na sumaku hiyo) kinavigonga ili kuunganisha umeme. Kila ukiwasha vinaungua kidogo. Cha upande wa betri huisha haraka kuliko mwenzake, ikifika siku kisahani kinagusa kimoja tu. Ndiyo maana ukirudiarudia inakubali.

Kabla ya kushusha stata, pima waya mwembamba unaoingia kwenye solenoidi wakati mtu ameshikilia funguo kwenye kuwasha. Ukipata volti 10 na zaidi, ugonjwa uko ndani ya stata. Ukipata 7 au 8, swichi ya funguo au ile swichi ya P na N kwenye gia imechoka, na stata mpya haitakusaidia.

Kazi yenyewe:
1. Toa terminali ya hasi. Hili halina mjadala, ule waya mnene wa stata hauna kinga ya fyuzi.
2. Shusha stata. Fungua skrubu tatu za kifuniko cha nyuma cha solenoidi.
3. Chomoa plunja na springi yake. Tazama shaba mbili: zikiwa na hatua iliyochimbika upande mmoja, umepata.
4. Badilisha zote mbili. Hazifanani umbo, ya betri na ya mota, peleka za zamani dukani zikalinganishwe. Kagua na kisahani cha plunja, kikiwa kimechimbika badilisha pia.
5. Wakati wa kukaza nati, weka plunja ndani na uikandamize ili shaba zote zikae usawa mmoja, ziguswe kwa wakati mmoja. Ukipuuza hapa, tatizo linarudi baada ya muda mfupi.

Shaba hizo zinauzwa kama kiti ndogo. Gerezani pale Kariakoo utazipata, na Nairobi ulizia Kirinyaga Road. Ukiwa umefungua, angalia na kaboni brashi.

---

MzeeWaBoneti

Mnazunguka sana vijana. Alteneta kuijua kama inachaji, washa gari, chomoa terminali ya betri. Ikizima, alteneta mbovu. Dakika moja, bila mita.

---

Kipimo_Sahihi

Shikamoo mzee. Kwa heshima zote, hicho kipimo kimeua kompyuta za gari nyingi sana. Kilizoeleka enzi za gari lisilo na kompyuta hata moja. Betri ndiyo inayomeza mawimbi ya alteneta. Ukiichomoa ghafla wakati alteneta inazalisha, volti zinaruka kwa sehemu ya sekunde hadi makumi kadhaa, zinaweza kukaribia 100. Kinachofuata ni kompyuta ya injini, redio, reguleta yenyewe na daiodi (zinazogeuza umeme wa alteneta kuwa DC). Tena gari kuendelea kuwaka hakuthibitishi kitu, alteneta yenye daiodi moja iliyokufa itaendelea kuiwasha.

Njia ya mita haizidi dakika mbili. Injini iungurume karibu mizunguko 2,000, washa taa kubwa na feni ya AC. Betri isome juu ya 13.5. Kisha geuza mita ipime volti za AC (umeme wa mawimbi): ukipata zaidi ya 0.5 kwenye nguzo za betri, daiodi zina shaka.

Kama haichaji, usiikimbilie alteneta. Anza na fenibelti, halafu soketi ndogo ya nyuma. Toyota nyingi zina waya tatu zenye herufi: S inasoma betri, lazima iwe na volti 12 muda wote. IG inapata 12 funguo ikiwa ON. L inakwenda kwenye taa ya betri ya dashi. S ikikosa umeme tazama fyuzi ya ALT-S. Funguo ikiwa ON bila kuwasha, taa ya betri isipowaka kabisa, huo nao ni ugonjwa: kwenye Toyota nyingi za miaka ya 90 tazama fyuzi ya GAUGE. Hiyo hiyo huenda na geji za dashi na taa za rivasi, kwa hiyo vikifa kwa pamoja usishangae.

Kaboni brashi za alteneta za Denso zikiwa mpya huchomoza milimita 10.5, kikomo ni 1.5. Alteneta inayochaji ukiigonga kwa mpini wa bisibisi, halafu inaacha, brashi zimeisha. Kishikio cha brashi kinafungwa kwa skrubu mbili tu nyuma ya kifuniko, hakuna sababu ya kununua alteneta nzima.

---

MzeeWaBoneti

Marahaba. Gari langu ni Land Rover ya dizeli, kompyuta haina. Lakini la brashi umenena kweli.

---

taa_moja

Betri NS60, mpya. Gari ikikaa siku mbili tatu haiwaki. Chaji 14.1. Nianzie wapi?

---

Kipimo_Sahihi

Kuna kitu kinanyonya usiku. Hesabu kwanza, ili ujue unatafuta mnyonyaji wa ukubwa gani. NS60 ni kama ampea-saa 45. Gari ya zamani ikiwa imezimwa kawaida inakula miliampea 20 hadi 50, hiyo 50 ni ampea-saa 1.2 kwa siku, itachukua zaidi ya wiki mbili kufika nusu. Taa ya buti ya wati 5 inakula ampea 0.4, yaani karibu 10 kwa siku. Siku mbili umefika nusu, ya tatu haiwaki. Kwa hiyo wewe unatafuta kitu cha ukubwa wa taa ya buti.

Anza na cha bure: weka simu irekodi video ndani ya buti, funga, subiri kidogo, fungua utazame. Fanya hivyo hivyo kwenye kiboksi cha dashibodi. Ukishindwa hapo, endelea:

1. Zima kila kitu, toa funguo. Fungua mlango wa dereva, sukuma komeo la mlango kwa bisibisi mpaka lijifunge kana kwamba mlango umefungwa, na kibonye cha taa ya ndani ukibane. Sasa unafikia fyuzi bila taa kuwaka.
2. Subiri dakika 20 hadi 30 kama gari ina alamu au kompyuta nyingi.
3. Ncha nyekundu hamishia tundu la 10A, mita iweke 10A. Toa terminali ya hasi. Nyekundu kwenye waya uliotoa, nyeusi kwenye nguzo ya betri.
4. Chini ya 0.05 ni sawa. Ikizidi, chomoa fyuzi moja moja ukiangalia namba. Inaposhuka ghafla, umepata njia. Soma kwenye kifuniko fyuzi hiyo inalisha nini, uchomoe vifaa vyake kimoja kimoja.

Mita ikiwa hapo katikati usiguse swichi ya funguo kabisa, wala usijaribu stata. Ukihamia kipimo cha miliampea 200 usifungue mlango wowote, taa ya ndani peke yake inatosha kukata fyuzi ya mita.

Umechomoa fyuzi zote na bado inanyonya? Toa waya mnene wa alteneta (B), uufunge kwa tepu usiguse bodi. Namba ikishuka, daiodi inavuja. Isiposhuka, fuata waya zilizochomekwa moja kwa moja kwenye betri na watu wa alamu, muziki na kifaa cha kufuatilia gari. Hao wanapenda kupita pembeni ya fyuzi.

---

Relei5Pini

Njia nyingine bila kuchomoa kitu: mita iweke milivolti, gusa vidoti viwili vidogo vya chuma mgongoni mwa kila fyuzi. Isiyopitisha umeme inasoma 0.0. Kwenye fyuzi ya 10A, milivolti 1 ni kama miliampea 100 na kidogo. Faida yake ni kwamba kompyuta haziamki. Ukichomoa na kurudisha fyuzi, baadhi ya moduli zinaamka na kukuvuruga hesabu.

Redio za kufunga hapa nazo zichunguzeni. Waya wa njano wa redio ni wa umeme wa muda wote, mwekundu ni wa funguo. Kwenye Toyota, soketi ya gari yenyewe ina bluu yenye mstari wa njano kwa muda wote, kijivu kwa funguo, kahawia ni eathi. Njano na nyekundu zikiunganishwa pamoja kwenye umeme wa muda wote ili "redio iwake bila funguo", betri italipa. Na redio inayosahau stesheni kila ukizima, hizo mbili zimegeuzwa.

---

taa_moja

Alamu. Imeungwa kwenye betri bila fyuzi. 0.38. Nimeitoa imebaki 0.02. Swali la pili: fyuzi ya taa za nyuma inakata kila nikiweka. Kuna mtu kaniambia niweke ya 30.

---

PwaniKavu

Usithubutu. Fyuzi inalinda waya. Waya uliopangiwa 10A ukiupa 30, utaungua waya kabla ya fyuzi, tena ndani ya kapeti. Rangi za fyuzi bapa: kahawia 7.5, nyekundu 10, bluu 15, njano 20, nyeupe 25, kijani 30. Karatasi ya sigara na waya wa shaba havimo.

Kutafuta shoti bila kumaliza boksi la fyuzi: ile globu ya wati 21 iunge mahali pa fyuzi iliyokatika. Palipo na shoti itawaka kwa nguvu zote, na haitapitisha zaidi ya ampea 2 hivi, kwa hiyo hakuna kitakachoungua. Sasa zunguka na gari ukitikisa mafungu ya waya, ukichomoa soketi za taa. Mahali ukigusa globu ikazimika au kufifia, hapo hapo. Kwenye saluni anza na bawaba za buti, waya hukatika ganda pale kwa kufunguliwa kila siku. Taa za rivasi zikiwa ndizo zinazokata, angalia waya zinazopita juu ya giaboksi. Na tundu la kiberiti cha gari, mulika ndani, sarafu hupenda kulala humo.

---

Usiku_Njema

Naomba la taa za mbele. Globu mpya H4 (ile yenye dimu na fulu pamoja), bado mwanga wa koroboi.

---

Relei5Pini

Pima volti kwenye soketi ya taa yenyewe, taa ikiwa inawaka na injini inaunguruma, ukigusa kwa nyuma ya soketi. Linganisha na betri. Betri 14, taa 12.2, umepoteza karibu 2 njiani. Mwanga wa halojeni hauanguki sawasawa na volti: ukipunguza volti asilimia 10, mwanga unapungua karibu asilimia 30. Kwa hiyo kuweka globu ya wati 100 kwenye waya chakavu kunaleta soketi iliyoyeyuka, mwanga haubadiliki sana.

Eathi na swichi zikiwa zimesafishwa na bado, funga relei (swichi inayoendeshwa kwa umeme mdogo) mbili za 30A, moja ya dimu moja ya fulu. Waya wa milimita 2.5 kutoka betri, fyuzi ya 15 au 20 isizidi sentimita 20 kutoka kwenye nguzo ya betri. Kwenye relei: 30 inapokea umeme wa betri, 87 inakwenda kwenye taa, 85 na 86 ni koili.

Mtego uko hapa. Toyota nyingi za zamani zinakata upande wa hasi. Waya wa pamoja wa H4 una chanya, na swichi ya dimu na fulu inapeleka kwenye eathi. Ukifunga kama michoro ya gari za Ulaya, hakuna kitakachowaka na utadhani relei mbovu. Chomoa soketi, washa taa, pima tundu la waya wa pamoja: ukiona 12, gari lako ni la aina hiyo. Basi koili za relei zote mbili zipate chanya kutoka waya huo wa pamoja, na upande wa pili wa kila koili uende kwenye waya wa zamani wa dimu au wa fulu. Kwenye taa mpya, mguu wa pamoja wa H4 unaupeleka eathi. Globu ya halojeni haijali chanya iko wapi. Za LED zinajali.

---

Kipimo_Sahihi

Fupi fupi wakati tupo kwenye taa. Ukikanyaga breki na indiketa inamulika kidogo, au taa za nyuma zinapokezana kwa mambo ya ajabu, ni eathi ya taa ya nyuma. Umeme unatafuta njia ya kurudi kupitia globu nyingine. Bolti moja, msasa, basi. Indiketa ikienda mbio upande mmoja, kuna globu imekufa au umeweka ya wati ndogo.

Wenye CR-V na Civic za miaka ya 90: gari imelala juani, unarudi, stata inazunguka vizuri lakini haiwaki, ikipoa inawaka. Weka funguo ON usikilize pampu ya mafuta, inatakiwa kuvuma kama sekunde mbili. Isipovuma wakati wa joto, tafuta relei kuu ya mafuta chini ya dashibodi upande wa dereva. Ndani yake risasi za pini zinapasuka kwa miaka, utaona duara jembamba jeusi kuzunguka mguu wa pini. Fungua kiboksi, pasha kila pini kwa pasi ya kusolda ya wati 40, ongeza risasi kidogo, rudisha.

Ukiingia chini ya dashibodi, soketi za njano usiziguse wala kuzipima, hizo ni za eabegi. Hata kama unafanya kazi karibu nazo tu, toa hasi ya betri na subiri angalau sekunde 90.

---

mama_Noah

Stata imepona, shaba moja ilikuwa imebaki kama karatasi. Dirisha la mlango wa dereva sasa, linashuka halipandi, mlango ukiwa wazi linapanda.

---

PwaniKavu

Mlango umekupa jibu, dada. Waya umekatika ndani ya ule mpira wa akodioni kati ya mlango na bodi. Chomoa mpira upande mmoja, uvute nje. Vuta kila waya kwa upole: uliokatika ndani ya ganda unanyooka kama mpira, mzima haunyooki.

Usiunge pale pale pa kukunjika. Kata waya pande zote mbili mpaka ndani ya mlango na ndani ya bodi, weka kipande kipya cha waya laini wenye nyuzi nyingi, milimita 1.5 kwa mota ya dirisha. Viungo vya waya tofauti visikae mstari mmoja, achanisha sentimita tatu tatu, la sivyo fungu linanenepa na mpira haurudi.

---

Relei5Pini

Na pale kwenye mlango mimi siungi kwa solda. Risasi inapanda ndani ya nyuzi, waya unakuwa mgumu, unakatika mwisho wa ule ugumu. Bana kwa koleo la kubania, funika kwa mpira wa kusinyaa wenye gundi ndani.

---

PwaniKavu

Solda ipo sawa kama kiungo kimefungwa mahali pasipocheza, na pwani inazuia hewa kuliko kubana pekee. Ila tepu nyeusi za plastiki mziache. Chini ya boneti gundi yake inayeyuka, tepu inajifungua, unabaki na waya mtupu karibu na injini. Kama hakuna mpira wa kusinyaa, tumia tepu ya kitambaa, ufunge mwisho wake kwa kamba ya plastiki.

---

mama_Noah

Waya wa kijani umenyooka kama ulivyosema. Huo mpira wa kusinyaa niwashie kiberiti au kuna kingine?

---

PwaniKavu

Kiberiti cha gesi kinafaa, mwali ukae chini kidogo, usiguse mpira, zungusha muda wote. Ukiona gundi imechungulia pande zote mbili, acha. Na mpira uuvishe kwenye waya kabla ya kuunga.